Gitare ya nkambo ni ya mwaka gani? Numero, etiketi na masimulizi ya wazee

Ndugu msomaji, ukiingia katika nyumba za wafanyakazi wa zamani wa migodi, hapa Kolwezi, kule Likasi ao Lubumbashi, mara nyingine utakuta gitare moja ya kale imetundikwa ukutani ao imelala juu ya kabati. Imebakiwa na nyuzi mbili ao tatu. Vumbi imejaa tumboni mwake. Watoto wanakatazwa kuigusa. Ukiuliza: «Hii gitare ni ya tangu lini?», utajibiwa: «Aah, ni ya zamani sana, ya wakati wa Wabelgiji.» Jibu hilo si baya, lakini halitoshi kwa mtu anayetaka kuandika historia. Wakati wa Wabelgiji ulidumu zaidi ya miaka 50, kutoka 1908 mpaka 1960.

Leo vijana wetu wamepata njia nyingine. Wanamulika ndani ya gitare na taa ya simu, wanasoma numero ya kiwanda, wanaiandika katika intaneti, na mwaka unatoka palepale. Je, tuiamini njia hiyo kuliko maneno ya wazee? Nitaanza na jambo lililotokea katika jamaa yetu wenyewe.

Neno lililotugawanya nyumbani

Nkambo wetu alifanya kazi ya mgodi, na siku ya mapumziko alipiga gitare chini ya mwembe wa lupango. Alitusimulia kwamba alinunua gitare kule Jadotville mwaka 1952, mwaka uleule ambao Mwenda Jean Bosco alirekodiwa mjini mule. Mkaba wa ngozi wa kuibebea ulichomwa na chuma cha moto alama hii: J'VILLE 52. Basi sisi watoto tuliiita «Gitare ya 52». Njo jina lake nyumbani mpaka leo.

Miaka michache iliyopita alifika mtu anayenunua vitu vya kale. Aliitazama, akasema: «Kama ni ya 1952 kweli, nitalipa vizuri. Kama ni ya nyuma ya pale, ni nusu.» Akatuacha tufikiri mpaka kesho yake. Usiku ule mtoto wa yaya wangu akaingiza taa ya simu katika tundu la sauti, akasoma, akaniita: «Baba mudogo, kuja uone. Hii gitare ni ya 1964!»

Nyumba ikawa kimya. Mmoja wetu akasema: «Kumbe nkambo alitupigaka bongo?» Mwingine akasema: «Tumwambie paka 1952. Mkaba unasema 52. Nani atajua?» Mama yetu hakusema neno, lakini tuliona machozi yake. Kwake neno la bei halikuwa kitu. Aliona jina la baba yake limeguswa.

Magitare yalifikaje kwetu?

Ili kuelewa umri wa gitare moja, ni lazima kujua kwanza njia zilizoyaleta yote. Reli kutoka kusini, kutoka Afrika Kusini kupitia Rhodesia, ilifika Élisabethville mwaka 1910. Mwaka 1931 reli ya Benguela, inayotoka bandari ya Lobito katika Angola, iliunganishwa na reli ya Katanga kupitia upande wa Dilolo. Mji wa Kolwezi wenyewe ulianzishwa mwaka 1937. Kwa njia hizo mbili shaba ilitoka, na kwa njia hizo zikaingia nguo, kinga, mashini za kushona, gramafoni na magitare.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya watu wa makabila mengi katika kambi zake: Waluba, Walunda, Wabemba, Wasanga, Wandembo, Wachokwe, Wayeke na wengine. Kila mmoja alikuja na ngoma yake na likembe yake. Gitare haikuwa ya kabila lolote, kwa hiyo iliweza kuwa ya wote, sawa na Kiswahili chetu.

Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika nchi ambayo leo ni Jimbo la Lualaba, alikuwa kijana wa miaka 22 hivi wakati Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi Afrika Kusini, alipomkuta akipiga gitare Jadotville. Mwenda alipiga kwa vidole viwili tu, kidole gumba na kile cha shahada, lakini msikilizaji aliweza kufikiri kuna watu wawili. Wimbo wake «Masanga» ulienea Afrika ya mashariki na ya kusini. Baadaye yeye na Édouard Masengo walifika mpaka Nairobi, na mwaka 1969 Mwenda alipiga katika sikukuu ya muziki ya Newport, Marekani. Pamoja na Losta Abelo, hao ndio majina makubwa ya gitare ya Katanga. Mwenda alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari huko Zambia.

Sahani za Mwenda zilitoka kwa alama ya Gallotone, ya kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Kampuni hiyohiyo iliuza pia magitare ya bei nafuu yenye jina la Gallotone, na yalienea sana kusini na katikati ya Afrika. Mengine yalifika mpaka Uingereza. Kijana John Lennon wa Liverpool alikuwa na Gallotone Champion siku ya tarehe 6 Julai 1957, alipokutana mara ya kwanza na Paul McCartney. Ndani yake kulikuwa na karatasi iliyoahidi kwamba ubao hautapasuka. Mwaka 1999 gitare hiyo iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 140,000. Ndugu msomaji, ilikuwa gitare rahisi kabisa, ya aina ambayo kwetu ilitundikwa ukutani. Bei ilitoka kwa historia yake, na historia ile iliaminiwa kwa sababu kulikuwa na picha na mashahidi.

Numero inasema nini, na inanyamaza wapi?

Sasa tuje kwa numero. Kila kiwanda kina desturi yake, na ukitumia ufunguo wa kiwanda kimoja kufungua mlango wa kingine, utapotea.

Kiwanda cha Martin cha Marekani, kilichoanza 1833, kilianza kuandika numero mwaka 1898, kwa kuanzia 8000. Kila gitare inafuata ile iliyotangulia, na numero imegongwa ndani, juu ya kipande cha ubao pale shingo inaposhikana na tumbo. Mwaka 1950 ulimalizika na numero 117961, mwaka 1960 na 175689. Gitare yenye numero katikati ya hizo mbili ilitengenezwa katika miaka hiyo kumi. Hiyo ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote.

Gibson ni mambo mengine. Tangu 1977 numero zake zilikuwa na tarakimu nane. Ya kwanza na ya tano zinatoa mwaka, ya pili mpaka ya nne zinatoa siku ya mwaka. Ukiona 82765501, soma 8 na 5, yaani 1985, na 276, yaani siku ya 276, tarehe 3 Oktoba. Lakini kabla ya hapo, katika miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, Gibson ilirudilia numero zilezile kwa miaka mbalimbali. Mtu anayesoma numero peke yake anaweza kukosea kwa miaka mingi.

Fender, mashuhuri kwa magitare ya umeme, iliandika numero kwa muda mrefu juu ya bamba la chuma linaloshikisha shingo na mwili kwa vis. Bamba hutoka kwa kufungua vis nne tu, na kiwandani hayakutumiwa kwa utaratibu. Kuanzia 1976 numero ilihamia kichwani, na herufi zikaanza kusema kipindi: S kwa miaka ya 1970, E kwa 1980, N kwa 1990.

Framus ya Ujerumani, kiwanda kilichoanzishwa na Fred Wilfer mwaka 1946, kilikuwa na desturi nzuri. Karibu na numero ndefu kiliandika tarakimu mbili za mwaka na herufi moja ya mwezi, A kwa Januari mpaka L kwa Desemba. Ukikuta 64 C, ni mwezi wa Machi 1964. Gitare ya nkambo wetu ni Framus, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa: 64 C. Kijana wetu hakukosea hata kidogo.

Lakini magitare mengi yaliyofika kwetu yalikuwa ya bei ya chini, na mengi ya namna hiyo hayana numero inayoweza kutoa mwaka. Mengine yalitengenezwa hapahapa na mafundi na watoto, kwa mbao za sanduku, mikebe ya mafuta na waya wa breki za kinga. Hayo hayana kiwanda, na bado ni sehemu ya historia yetu. Je, hayo hayana umri? Yanao, lakini tutautafuta kwa njia nyingine.

Majina ya nchi yanatoa tarehe

Hapa sisi watu wa Lualaba tuna bahati moja inayotokana na mateso yetu: nchi yetu imebadilisha majina mara nyingi. Kila jina ni kama muhuri wa tarehe. Tafuta ndani ya gitare, ndani ya sanduku lake, nyuma ya etiketi ya duka, ao juu ya risiti ikiwa wazee waliitunza.

Ukiona «Congo Belge», ni kabla ya tarehe 30 Juni 1960. Ukiona «État du Katanga», ni kati ya Julai 1960 na Januari 1963, wakati Tshombe aliposhikilia utengano, na Kolwezi ndiyo ilikuwa kituo chake cha mwisho. «Élisabethville» na «Jadotville» ni majina yaliyoondolewa mwaka 1966, tukapata Lubumbashi na Likasi. «Zaïre» ilianza Oktoba 1971 na ikaisha Mei 1997, na jina la Shaba kwa jimbo letu ni la kipindi hichohicho. Bei ikiandikwa kwa zaïre, haiwezi kuwa kabla ya 1967. Na «Province du Lualaba» ya leo ni ya kuanzia 2015.

Nchi za nje zinasaidia vilevile. Afrika Kusini iliacha kuitwa Muungano tarehe 31 Mei 1961, ikawa Jamhuri. Ujerumani ya Magharibi ilikuwapo toka 1949 mpaka 1990. Czechoslovakia iligawanyika mwisho wa 1992. Rhodesia ya Kaskazini ikawa Zambia tarehe 24 Oktoba 1964.

Hata jina la mwenye gitare ni ushahidi. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, na watu wakachukua majina ya mababu. Mwenda mwenyewe, aliyejulikana kama Jean Bosco, aliitwa Mwenda wa Bayeke. Basi mtu akichora «Joseph» ao «Pierre» juu ya gitare yake, inawezekana alichora kabla ya mwaka ule, ao nyuma kabisa, katazo lilipokwisha.

Lakini tuwe waangalifu. Mwenye duka hatupi etiketi zake siku jina la mji linapobadilika. Anazitumia mpaka ziishe. Kwa hiyo ongeza mwaka mmoja ao miwili mbele ya tarehe ya serikali. Na etiketi ya duka inasema gitare iliuzwa lini, haisemi ilitengenezwa lini. Gitare inaweza kukaa dukani muda mrefu kabla ya kupata mwenyewe.

Alama za mikono

Kuna pia ushahidi ambao hauna maandishi. Angalia vyuma vidogo vya shingoni: vimelika wapi? Wapigaji wengine walifunga kalamu na kamba juu ya shingo ili kupandisha sauti, na kalamu ile iliacha kovu. Angalia rangi ya ubao: sehemu iliyofunikwa na bamba ao na etiketi imebaki nyeupe kuliko nyingine. Angalia kama shingo na tumbo ni vya rangi moja na umri mmoja. Mafundi wetu walikuwa hodari, na gitare iliyovunjika haikutupwa. Walichukua shingo ya hii na tumbo la ile. Gitare ya namna hiyo ina mama wawili, na numero ni ya mmoja tu.

Neno la shangazi

Turudi nyumbani. Asubuhi ile, kabla mnunuzi hajarudi, tulikwenda kumwona dada mdogo wa nkambo, mama mzee sana. Tulimwekea gitare mbele yake, tukamweleza habari ya numero. Alicheka kwanza, kisha akagusa mkaba.

«Bongo wapi, batoto? Ile ya 52 ilikufaka. Ilipasuka wakati wa vita ya Katanga, tulikuwa tunakimbia, ilianguka ku lori. Alilia sawa mutu amefiwa. Njo akanunua hii ingine kule Jadotville, vita imeisha. Mukaba njo wa ile ya kwanza. Aliufunga kwa hii, akasema: haikukufa, imeoa tu.»

Tukafungua tena, tukaangalia vizuri. Chini kabisa ya tumbo, nyuma ya vumbi, kulikuwa na nusu ya etiketi ya duka: herufi chache za jina, na neno JADOTVILLE likiwa zima. Machi 1964 ilitoka kiwandani. Mji ukaacha jina hilo 1966. Basi ilinunuliwa kati ya katikati ya 1964 na 1966, labda 1967 kama etiketi za zamani zilikuwa bado. Numero, etiketi na shangazi, wote watatu walisema neno moja. Nkambo hakudanganya. Sisi ndio tuliosikia hadithi ya magitare mawili tukaifanya moja.

Mnunuzi aliporudi tulimwambia kweli. Akatoa nusu ya bei, sawa alivyosema. Tulikuwa na haja ya zile pesa, sitaficha. Shule ilikuwa karibu kufungua. Lakini mama alikataa, na gitare ikabaki. Kama tungesema 1952, tungepata pesa nyingi, na leo mahali fulani gitare ya nkambo ingekuwa inasimama na cheti cha uongo, wakati hadithi ya lori na ya mkaba ingekwisha kupotea.

Kwa nini tufanye haraka

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nchi yetu inapotea haraka kuliko mahali pengine. Vita ya Mei 1978 ilipita katika nyumba za Kolwezi. Mwaka 1992 na 1993 jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakapanda treni na mizigo michache. Gitare si kitu cha kwanza mtu anachobeba. Katika mtaa wa Kasulo watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014, na mwaka 2017 sehemu ya wakaaji ilihamishwa. Kila kuhama kunaacha kitu nyuma. Na wazee walioona miaka ya 1950 kwa macho yao wamebaki wachache sana.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa kwenu kuna gitare ya kale, fanya hivi. Usiioshe kwa maji, usiipige rangi mpya, usibandue etiketi hata ikiwa imechakaa. Piga picha ya kichwa, ya mgongo, ya ndani na ya numero. Andika numero kama ilivyo, pamoja na herufi zake na nafasi zilizo katikati, kwa sababu herufi moja inaweza kubeba mwezi mzima. Soma majina ya miji na ya nchi. Halafu, na hili ni kubwa kuliko yote, keti na mzee, umwulize polepole: ilinunuliwa wapi, kwa pesa ya kazi gani, nani aliipiga, katika sikukuu gani, katika kilio gani. Uliza pia kama ilikuwa ya kwanza. Swali hilo dogo lingetuepusha na usiku mmoja wa machozi.

Numero itakuambia siku gitare ilipotoka kiwandani. Siku ilipoingia katika jamaa yako haimo ndani ya numero yoyote ya dunia. Imo kinywani mwa mtu ambaye labda amezeeka na anasinzia kivulini.

Sisi tuliandika habari yote katika karatasi moja, tukaweka majina na miaka, tukaikunja na kuiingiza ndani ya sanduku la gitare. Nyumbani bado tunaiita «Gitare ya 52». Mtoto akiuliza kwa nini inaitwa hivyo na ni ya 1964, tunamwambia akae chini, kwa sababu hadithi ni ndefu kidogo.